Usilime Kwanza: Maneno kwa Waliopokea Ploti Zilizogeuka Pori

Hotuba iliyotolewa Leicester, Uingereza, mwezi wa Novemba, mbele ya Waswahili waliopata ploti za kulima kwa mara ya kwanza.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka na dada, habari za jioni, na hongereni sana. Najua wengine humu mmekaa kwenye orodha ya kusubiri hadi mkasahau kama mliwahi kuomba, mpaka barua ya halmashauri ikadondoka mlangoni. Mkafurahi, mkaenda kukiona kipande chenyewe, mkakuta pori. Miiba imefika kifuani, nyasi za mwaka huu zimelalia nyasi za mwaka juzi, kibanda kimeinama, na katikati ya yote kuna bafu la chuma ambalo hakuna anayejua lilifikaje pale.

Nimeombwa niseme namna ya kuanza. Nitasema jambo moja mapema, na mengine yote yatakuwa maelezo yake. Msilime. Si sasa, na si ploti yote. Naona mama mmoja pale mbele ameshaguna. Ana haki. Sisi tumelelewa na jembe, na mtu akifika shambani akaanza kutandika maboksi badala ya kulima, kijijini angeitwa mvivu na jina lingemganda.

Lakini hebu tufikiri kwanza jembe lilikuwa linatusaidiaje kule. Tunafyeka, tunakusanya, wengine wanachoma, kisha tunatifua kabla ya mvua. Utaratibu huo una akili yake. Ukiing'oa sangari, lile nyasi sugu linalotambaa kwa mizizi, kule Handeni wakati wa kiangazi ukaiacha juu ya udongo, ikifika saa nane mchana imekauka, inavunjika mkononi. Mkulima anang'oa, jua linaua. Jua ndilo kibarua wetu, na halidai ujira. Huku kibarua huyo hatunaye. Ukigeuza udongo wa Leicester mwezi huu, mzizi unalala kwenye tope baridi, unapumzika vizuri hadi Machi, halafu unachipua palepale ulipoutupa. Ukiukata vipande vitatu, umepanda mimea mitatu. Kibarua tuliye naye huku ni giza. Mmea usiopata mwanga haujitengenezei chakula. Unakula akiba iliyomo mzizini hadi iishe. Kazi yetu ni kuuzibia mwanga na kuwa na subira.

Kijana wetu mmoja, simtaji kwa sababu yumo humu na ameshaanza kucheka, alikodi mashine ya kutifua wikiendi moja ya Aprili. Jumapili jioni ploti yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Udongo laini, mweusi, umesawazishwa kwa reki, na picha ikazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Ilipofika Juni hakuna aliyeomba picha nyingine. Ile mashine ilikuwa imekata mizizi vipande vidogovidogo na kuvisambaza kila mahali kwa usawa, kazi ambayo magugu yenyewe yangehitaji miaka kuifanya.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda na gambuti, glavu nene, daftari na sepeto moja. Panga liache nyumbani. Kwanza huna cha kukata bado, na pili, ukitembea na panga barabarani huku utamweleza polisi, si mimi.

Zunguka taratibu. Unatafuta vitu vya kuogopa kabla ya vitu vya kupanda. Ndani ya nyasi ndefu kuna vioo vya vibanda vilivyovunjika, nyaya, misumari, chupa. Ukiona kibanda chenye mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, mazito, yenye mawimbi na yanayomeguka pembeni, usiyaguse wala usiyavunje. Yanaweza kuwa ya asbesto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini vibanda vingi ni vikongwe kuliko marufuku hiyo. Piga simu halmashauri, waje wenyewe.

Kuna na mmea wa Kijapani ambao wenyeji wanauita knotweed. Shina lake lina uwazi ndani na pingili kama mwanzi, lina madoadoa mekundu, majani mapana yaliyokatika wima upande wa kikonyo. Sasa hivi umekauka na kubaki fimbo za kahawia zimesimama. Huo haukatwi, hauchimbwi, na hautolewi nje ya ploti kwa toroli au gari lako. Upo kwenye sheria ya wanyamapori na mazingira ya 1981, na hata udongo uliochanganyika na mizizi yake una utaratibu wake wa kutupwa. Mwambie katibu wa eneo la ploti zenu siku hiyohiyo, kwa maandishi, ili baadaye pasiwe na mtu wa kusema umeuleta wewe.

Baada ya hapo ndipo unachimba. Shimo moja tu, kina cha sepeto, halafu jingine upande wa pili wa ploti. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka, na mimi ningetamani muikumbuke kuliko nyingine zote, kwa sababu majani yamekufa Novemba lakini mizizi bado inazungumza.

Vunja lile bonge la udongo kwa mikono, angalia rangi. Mizizi ya njano inayotambaa karibu na juu ni ya yale majani ya kuwasha, ambayo ndugu zetu wa Mlima Kenya wanayaita thabai na kuyala. Furahi. Yanapenda udongo wenye rutuba, na mizizi yake inatoka kirahisi. Mzizi mmoja mnene, wa njano ndani, ulioshuka wima, ni wa gugu la majani mapana ambalo wenyeji wanaliita dock. Huo unachimbwa mmojammoja kwa sepeto jembamba, na kama umemwaga mbegu jiandae kuona watoto wake miaka mingi. Ukikuta mizizi myembamba, migumu, yenye pingili na ncha kali inayoweza hata kutoboa kiazi, hiyo ndiyo sangari ya huku. Ni ndugu wa mbali tu wa sangari yetu, lakini tabia ni zilezile, na mtu yeyote aliyepambana na sangari Arusha au Kiambu ataitambua kwa vidole akiwa amefumba macho.

Mizizi minene kidogo, myeupe, laini, inayokatika ukiivuta, imejikunja huku na huku: hiyo ni bindweed, mtambazi mwenye ua jeupe zuri ambalo litakudanganya Julai. Kipande chenye urefu wa kidole kinatosha kuanza maisha mapya. Na ukikuta uzi mweusi wa kahawia unaoshuka bila kukoma, umefuata sepeto umeshindwa kuona mwisho wake, huo ni wa gugu ambalo wenyeji wanaliita mare's tail. Mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita mbili. Nitasema ukweli: huo hutauua. Utaishi nao. Utaukata kila unapochipua, utapanda mboga juu yake, na mboga zitaota. Wapo wanaovuna vizuri kila mwaka kwenye ploti za namna hiyo, ila hawapotezi nguvu kuchimba.

Mkishajua mna nini, mnajua mtafunika kwa muda gani. Na hapa nisisitize, maana watu hulalamika kwamba walifunika wakafunua wakakuta magugu yamenenepa. Giza la miezi ya baridi halina kazi kubwa, kwa sababu mmea umelala na haukuwa unahitaji mwanga. Giza linaanza kuua Machi, mmea unapoamka na kutuma machipukizi juu, yakagonga plastiki, yakafa, ukatuma mengine. Nyasi za kawaida na magugu ya mwaka mmoja yatakwisha kufikia kiangazi. Sangari ya huku ihesabie msimu mzima, Machi hadi Septemba au Oktoba. Bindweed ihesabie misimu miwili au zaidi, na pembeni ya kifuniko utaiona inachungulia, ikate palepale.

Kwa nini basi tufunike sasa? Kwa sababu Machi utakuwa na mambo mengine, na kwa sababu nyasi zilizofyekwa zikifunikwa sasa zinaoza na minyoo inazishusha chini bure.

Kufyeka ni kazi ya sasa hadi mwisho wa Februari. Ndege wanaanza kujenga viota Machi, na kuharibu kiota kinachotumika ni kosa kwa sheria ileile ya 1981. Kata miiba kwa mkasi wa mpini mrefu, kuanzia nje kuelekea ndani, ukiacha visiki vya urefu wa goti ili uone pa kuchimba. Kile kisiki kinene chenye mizizi ndicho mmea wenyewe. Ukikitoa hicho, miiba yote mirefu iliyobaki ni takataka tu. Ukitumia mashine ya kufyekea, pita kwanza ukiwa umeiinua juu, ukusanye kwa reki, uone kilichomo, ndipo upite chini. Waya mmoja uliojificha unatosha kukuharibia siku.

Kuchoma: ulizeni kwanza. Kuna maeneo yanaruhusu miezi fulani tu, kuna yanayokataza kabisa. Hata pale panaporuhusiwa, hamisha rundo zima siku ya kuchoma, kwa sababu kalunguyeye wanalala humo majira yote ya baridi. Na mkiinua kifuniko siku moja mkakuta mnyama laini wa rangi ya shaba anayefanana na nyoka, tafadhali, jembe chini. Ni mjusi asiye na miguu. Haumi, anakula koa, na sheria inamlinda asiuawe. Najua kwetu chochote chenye umbo hilo kinapigwa kwanza halafu kinaulizwa jina.

Kifuniko bora ni ile plastiki nyeusi nene wanayofunikia malisho ya ng'ombe. Ni pana, inadumu miaka, na mkinunua familia tatu au nne kwa pamoja bei inapungua sana. Kile kitambaa cha kusokotwa kinachouzwa madukani kwa ajili ya magugu mimi sikipendi. Kinachanika nyuzinyuzi, sangari inakipenya, na baada ya muda unakuta umeshonewa ardhini. Mazulia ya zamani msiyalete. Maeneo mengi yameyakataza kwa sababu ya dawa na nyuzi za plastiki zilizomo. Zika kingo za plastiki kwenye mfereji mdogo, weka mbao na mawe juu. Upepo wa Januari utawatafuta.

Sasa hesabu. Ploti kamili kwa kipimo chao cha zamani ni rodi 10, yaani karibu mita za mraba 250. Ekari moja inatoa ploti kama 16. Kwa macho ya mkulima wa nyumbani hiki ni kijishamba cha kuchekesha. Kwa mtu anayetoka zamu ya usiku hospitalini au ghalani, mwenye watoto wa kupeleka shule, mita 250 za pori ni kubwa mno. Watu hawashindwi kwa sababu ya uvivu. Wanashindwa kwa sababu wamefungua yote Aprili, na kufikia Julai yote yamefunga tena.

Fungua matuta mawili tu. Kila moja upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na urefu wa mita 3. Chagua mahali ambapo shimo lako halikuonyesha bindweed wala sangari, karibu na njia na karibu na maji. Fyeka hadi chini, usilime. Tandika maboksi ya kahawia, umetoa utepe wa plastiki na pini, yapishane kwa upana wa kiganja na zaidi, mara mbili. Yamwagie maji yalegee. Juu yake weka mboji ya sentimita 15. Tuta moja la namna hiyo linameza karibu nusu ya mita ya ujazo, mifuko kama 11 ya lita 50. Sasa jaribu kufikiria ploti nzima: ungehitaji mifuko 750. Ndiyo maana nasema mawili.

Udongo wetu hapa kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi mzito. Ukiukanyaga umelowa, umeufanya tofali. Weka ubao, simama juu ya ubao. Basi, hilo limekwisha.

Lakini samadi nitakaa nayo kidogo. Mtaambiwa, kweli kabisa, kwamba wafugaji wa farasi wanatoa samadi bure. Chukueni, ila msiitie kwenye tuta kabla ya kuijaribu. Kuna dawa za kuulia magugu zinazopuliziwa kwenye malisho na nyasi kavu. Hazimdhuru farasi, zinapita tumboni, zinatoka kwenye samadi zikiwa bado na nguvu. Mwaka 2008 wakulima wengi wa bustani nchini humu walipoteza viazi na nyanya kwa sababu hiyo. Jaribio lake ni rahisi. Changanya samadi iliyooza na mboji ya dukani nusu kwa nusu, jaza vyungu vitatu, panda maharage. Vyungu vingine vitatu weka mboji ya dukani peke yake. Weka dirishani, mbali kidogo na vya kwanza. Majani ya tatu au ya nne yakitoka yamejikunja kikombe na ncha zimejisokota wakati ya upande wa pili yamenyooka, rudisha samadi ulikoitoa. Maharage ni kati ya mimea inayoonyesha upesi.

Mtapanda nini? Mwezi huu huu, vitunguu saumu. Tenganisha vidole, panda ncha ikitazama juu, nafasi ya kiganja. Baridi ndiyo inayovifanya vigawanyike vidole, kwa hiyo msivionee huruma. Machi mwishoni au Aprili panda viazi vya mapema. Vitakuwa tayari kabla ule ugonjwa wa majani meusi haujashika kasi mwishoni mwa kiangazi. Mtasikia watu wakisema viazi vinasafisha ardhi. Anayesafisha ni mtu anayechimba na kupandisha udongo na kuokota mizizi; kiazi kinachukua sifa tu.

Sukuma wiki inapenda nchi hii kuliko sisi. Panda mbegu Aprili, hamisha miche mwishoni mwa Mei, utachuma hadi theluji inadondoka. Adui ni njiwa na vipepeo weupe, na wote wawili wanazuiwa na wavu uliowekwa siku ileile ya kupanda, si baada ya kuona matundu. Waulize majirani kama eneo lenu lina ugonjwa wa kuvimba mizizi ya kabichi. Kama lipo, weka chokaa, otesha miche kwenye vikopo, na safisha gambuti. Wenzetu wa Lushoto hili mnalijua, kabichi ni nyumbani kwenu.

Mchicha unasubiri joto. Kabla ya mwisho wa Mei ni kupoteza mbegu, maana hata katikati ya Mei usiku mmoja wa umande ulioganda unaweza kufagia kila kitu laini. Wajamaika wanaulima huku siku nyingi kwa jina la kalalu, na mbegu zinauzwa hapahapa. Za kuleta kwenye begi kutoka nyumbani zina sheria zake za vyeti vya afya ya mimea, kwa hiyo nunueni. Mahindi ya ugali hayatakomaa, majira hayatoshi. Pandeni mahindi matamu ya kuchoma, na mpande kwa mraba, si kwa mstari mmoja, ili upepo ubebe chavua. Muhogo, tuendelee kununua dukani.

Na mnavu, au managu. Utauona umejiotea wenyewe ploti nzima, na moyo utaruka. Usiuchume. Kwenye nchi hii kuna ndugu zake wenye sumu kali, na mmoja una tunda jeusi linalong'aa, limekaa peke yake, si kwa kichala. Nunua mbegu yenye jina, panda kwenye tuta lako, kula kwa amani.

Nimeliacha boga mwisho kwa sababu ndilo linalounganisha yote. Mwishoni mwa Aprili otesha mbegu kwenye vikombe dirishani. Mwanzoni mwa Juni nenda kwenye ile sehemu uliyoifunika, ile ambayo huigusi mwaka huu. Kata plastiki msalaba, urefu wa kiganja kila upande. Kunja pembe nne chini. Chimba shimo la ndoo moja, toa mizizi yote unayoiona humo, jaza samadi iliyopimwa na udongo, panda mche mmoja. Acha mita moja na nusu, kata mwingine. Plastiki nyeusi inapasha udongo joto, boga linatambaa juu yake, majani yake makubwa yanaongeza giza juu ya giza, na chini yake sangari inakufa. Kuanzia Julai unachuma majani machanga, unamenya zile nyuzi za kikonyo, unapika na karanga au tui. Usichume yote ya shina moja. Liachie lilishe matunda. Wiki za kwanza koa watakuja usiku, kwa hiyo tochi na kopo. Wageni wakija wataona ploti iliyojaa kijani, na mkaguzi wa halmashauri naye ataona hivyohivyo.

Maana mkaguzi yupo. Masharti yanatofautiana, lakini karibu kote kuna ukaguzi, na ploti iliyoachwa hupata barua, kisha barua ya pili, kisha inapewa mtu mwingine. Someni mkataba: mwaka wa kwanza unatakiwa uwe umelima sehemu gani, na je, sehemu iliyofunikwa inahesabiwa. Kama haiko wazi, mwandikie katibu sasa, mweleze mpango wako, mpe na picha za siku ya kwanza. Barua iliyotangulia inasaidia kuliko maelezo yanayofuata. Na msiogope kwamba mnafadhiliwa. Sheria ya 1908 iliziwekea halmashauri wajibu wa kutoa ploti pale zinapohitajika, na hata leo wapiga kura au walipa kodi sita wakiandika kwa pamoja, halmashauri lazima ilifikirie ombi lao, isipokuwa katikati ya London ambako wajibu huo haupo. Nottingham, si mbali na hapa, wana bustani za St Ann's zenye ekari 75 na nyua za miti za tangu enzi za Malkia Victoria, na zimeorodheshwa kama urithi wa taifa. Nendeni mkazione.

Salimieni majirani. Hapa Leicester mna bahati ambayo miji mingine haina: yule mzee wa Kihindi ploti ya pili, anayelima dania na uwatu, huenda alifika 1972 kutoka Kampala au Jinja, na ukimwamkia kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiswahili, halafu atakwambia maji yanatuama wapi na ploti yako ilikuwa ya nani. Mtu mwenye maarifa hayo anastahili boga la kwanza.

Sasa maswali, kwa ufupi.

Dawa ya kuulia magugu? Ile ya glaifoseti bado inaruhusiwa kwa watu wa bustani, ingawa maeneo mengine yameikataza, kwa hiyo ulizeni. Siikatazi mimi. Lakini inafanya kazi kwenye majani mabichi yanayokua, na Novemba hayapo. Anayepuliza leo anamwaga pesa.

Familia mbili kwenye ploti moja? Mkataba kwa kawaida una jina la mtu mmoja, na ugomvi nao utakuwa na majina mawili. Ombeni igawanywe nusu kwa nusu, mita 125 kila mmoja, kila mtu na barua yake.

Mizizi tuitupe wapi? Si kwenye rundo la mboji. Ndoo yenye mfuniko, maji, mwezi na nusu, hadi iwe uji. Itanuka. Iweke mbali na mzee wa uwatu.

Kuku? Nilijua mzee wangu utauliza. Sheria ya 1950 inaruhusu kuku jike na sungura kwenye ploti, kwa matumizi ya nyumbani na si biashara, mradi wasiwe kero wala hatari kwa afya. Jogoo hawamo. Mbuzi ni mpaka mkataba wenu uruhusu, na mingi hairuhusu. Ukijenga banda, wavu uzikwe chini ya ardhi na ukunjwe kwa nje, kwa sababu mbweha wa mji huu wanachimba.